Chumba cha bei nafuu Mwanza: panda mlima, uliza gengeni

Ukitafuta chumba cha kupanga Mwanza na mfuko haujakaa vizuri, usianze na dalali. Huyo atataka hela ya kukuonyesha, na ukipata chumba anadai kodi ya mwezi mzima juu yake. Anza na mama wa genge. Anajua nani anahama kabla hata mwenye nyumba hajajua. Nunua nyanya za mia tano, uliza taratibu.

Mitaa ya milimani kama Mabatini na Igogo, kadiri unavyopanda kati ya mawe ndivyo kodi inavyoshuka. Lakini panda kwa miguu, tena ukiwa na ndoo mkononi, kwa sababu maji ndiyo yatakayokutoa jasho. Mimi niliwahi kufurahia chumba cha bei chee kule juu. Mwisho wa mwezi, hela ya wabeba maji ilikuwa imekula nafuu yote.

Kabla hujalipa, mvizie mpangaji mmoja uwani anafua, umuulize mambo ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mita ni moja kwa wote? Mwenye friji anachangia sawa na mwenye taa moja? Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanzia hapo.

Kodi ya miezi sita ikikushinda, omba mitatu. Wengi hukubali, hasa chumba kikiwa kimekaa wazi. Mkataba andikishaneni kwa mwenyekiti wa mtaa, na risiti udai hata kama mwenye nyumba ni shangazi yako.