Namna ya Kuandika Kumbukumbu za Miaka ya Sekondari na Maisha Yaliyofuata

Anayeketi kuandika habari za miaka yake ya sekondari aghalabu huanza na hisia. Hujaza ukurasa wa kwanza kwa "enzi zile" na "laiti zingerudi", kisha kalamu ikamkwama kabla hajafika ukurasa wa pili. Mimi nimekwama hivyo mara tatu. Iliyonikwamua ni kazi ya mikono: kukusanya vitu vilivyosalia, yaani madaftari, ripoti za matokeo, barua, picha ya darasa, hata rula iliyochorwa majina kwa ncha ya bikari, na kuviweka vyote juu ya meza moja kabla ya kuandika sentensi yoyote. Kila kitu kiambatishe kikaratasi chenye mwaka na jina la aliyekupa, kama unalikumbuka.

Anza na picha ya darasa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Harry Bahrick na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wahitimu 392 wa sekondari, ambao walizitambua sura za waliosoma nao kwa usahihi wa takriban asilimia 90 hata baada ya zaidi ya miaka 30, ilhali walipotakiwa kuyataja majina kutoka kichwani, pasipo kuonyeshwa chochote, walikumbuka machache. Basi usijitese kwa kuorodhesha majina huku umefumba macho. Itazame picha, uanzie safu ya nyuma ambako huwa wamesimama wale ambao hakuna anayewasimulia, na kwa kila sura andika jambo moja dogo: aliketi wapi, alichekaje, alikuazima nini ambacho hukumrudishia.

Ripoti za matokeo zisome mwishoni, kwa sababu zitakuudhi. Bahrick huyohuyo, safari hii pamoja na Lynda Hall na Stephanie Berger, aliwauliza wanafunzi 99 wa chuo alama walizopata sekondari, na matokeo yakatoka mwaka 1996: alama za A zilikumbukwa kwa usahihi wa asilimia 89, za D kwa asilimia 29 tu, na makosa mengi yalikuwa ya kujipandisha. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, nikidhani inawahusu wengine. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia kwamba mwaka wa mwisho nilikuwa wa kwanza katika hisabati, lakini ripoti niliyoikuta chini ya sanduku, imekunjwa mara nne na wino umefifia kwenye mikunjo, inasema wa tisa, na pembeni mwalimu ameandika, "Anaweza, ila ana haraka." Nafasi ya kwanza niliipata kweli, lakini ilikuwa ya muhula mmoja, miaka miwili nyuma yake.

Ukikuta jambo la namna hiyo, usilifiche wala usilisahihishe kimyakimya. Andika ulichokuwa ukisimulia, andika na kilichomo kwenye karatasi, kisha jiulize kwa nini ulihitaji kusimulia vile. Mimi nilihitaji kuwa wa kwanza kwa sababu niliacha masomo ya juu katikati, na hadithi ya hisabati ilinisaidia kuwaambia watu, na kujiambia mwenyewe, kwamba akili haikupungua.

Hatua inayofuata ni kumtafuta shahidi, ikiwezekana mliyeketi naye dawati moja. Hapa chunga sana maneno ya swali lako. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, wakabaini kwamba walioulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kuhusu magari "yaliyogusana", ingawa wote walitazama filamu zilezile. Ukimwuliza mwenzako, "Unakumbuka tulivyoonewa siku ile?" umekwisha kumtilia jibu mdomoni. Mwulize tu, "Siku ile ulikuwa wapi?" kisha unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu hadi kikusumbue. Kwa swali hilo niligundua kwamba kelele niliyoadhibiwa kwayo, na ambayo nilidai siku zote kuwa ilikuwa ya mtu mwingine, ilikuwa yangu.

Maisha yaliyofuata ndiyo sehemu inayowashinda wengi, nayo hugeuka kuwa wasifu wa kuombea kazi: ajira, ndoa, watoto, basi. Kuna sababu ya ukavu huo. Watu waliovuka miaka 40 hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30, na miaka inayofuata hupungukiwa picha. Usishangae, basi, miaka minne ya shule ikichukua kurasa nyingi kuliko miaka ishirini ya kazi. Badala ya kupita mwaka kwa mwaka, chukua uzi mmoja ulioupata shuleni na uufuate. Wangu ulikuwa ile "haraka" ya mwalimu: nikaiona katika kazi mbili nilizoziacha kabla hazijakomaa, katika ugomvi na kaka yangu, na katika jambo moja jema, kwamba nilifunga safari usiku uleule niliposikia mama anaumwa, nikamkuta bado anazungumza.

Wenzako waliofikwa na mambo mazito wape majina mengine, na waliofariki usiwageuze malaika. Ukimaliza, chapisha nakala moja yenye pambizo pana, umpelekee yule wa dawati lako pamoja na kalamu ya risasi, kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote. Nakala yangu ilirudi baada ya wiki tatu, na kwenye ukurasa wa nne, kando ya habari za kelele, alikuwa ameandika, "Tulikuwa wawili."