Somo: Kubadilishana fremu kati ya pikipiki za zamani za cheni na za shafti

Swali la kama injini ya cheni inaweza kuingia kwenye fremu ya shafti linarudi kila kiangazi, na wengi wanaoliuliza ni wa Dodoma. Sababu ni vumbi. Ukiacha lami ukaingia njia za Bahi au vijiji vya ndani vya Chamwino, mchanga unashikana na oili ya cheni na kuwa msasa, cheni na sproketi zinalika kabla ya wakati. Shafti, yaani fimbo ya chuma inayozunguka na kupeleka nguvu gurudumu la nyuma badala ya cheni, imefungwa ndani ya swingi amu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), vumbi haliifikii. Basi mtu mwenye Suzuki GS1000 ya cheni ya mwaka 1978 akipata fremu ya GS850G ya shafti, anasema hizi ni ndugu, nitaingiza injini yangu humo.

Ni ndugu kweli, lakini angalia nguvu inavyotoka. Kwenye injini ya cheni, shafti ya giaboksi imelala sambamba na ekseli ya gurudumu, kwa hiyo sproketi inakaa kwenye ncha yake na kazi imekwisha. Kwenye GS850G kuna boksi la gia nyuma ya injini, upande wa kushoto, linalokunja nguvu nyuzi 90 ili ifuate propela, yaani ile shafti ndefu ya kwenda nyuma. Huko nyuma difu (boksi la gia la gurudumu) inaikunja tena. BMW, iliyoanza na shafti kwenye R32 mwaka 1923, kwenye pikipiki zake za zamani hukunja mara moja tu kwenye gurudumu, kwa sababu kranki yake (shafti kuu ya injini) imelala kufuata urefu wa pikipiki. Boksi lile la Suzuki halifungwi kwenye injini ya cheni. Hata krankikesi (kasha la injini) ni nyingine.

Ndiyo maana nasisitiza: injini, boksi la nyuma, propela, swingi amu, difu na gurudumu ni seti moja. Seti inahama nzima au haihami. Fremu ya GS850G inapokea injini ya GS1000G kwa sababu zote ni za shafti. GS1000 ya cheni ibaki kwenye fremu ya cheni.

Hatua ya 1: karatasi. Soma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu, ilinganishe na kadi ya usajili, kabla hujalipa hata shilingi. Namba iliyosagwa, rudisha fremu.

Hatua ya 2: pima fremu ikiwa tupu. Vuta uzi kutoka katikati ya shingo hadi katikati ya mahali swingi amu inapofungwa. Uzi usipopita katikati ya fremu, fremu imewahi kugonga.

Hatua ya 3: kagua difu. Hapa usiwe na haraka. Zungusha gurudumu mara kadhaa, kisha mwaga oili kwenye chombo safi na uisugue kati ya vidole. Uji laini wa rangi ya fedha ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno ya gia, achana na difu hiyo. Kisha toa gurudumu utazame meno yanayoingia kwenye difu. Meno mazuri yana kichwa bapa. Yakichongoka, yatakatika siku utakapobeba mzigo, na kubadilisha upande mmoja tu ni kupoteza hela, kwa sababu upande mbovu unakula mpya.

Hatua ya 4: injini. Mwaga oili, toa kabureta, laza injini kwa ubavu juu ya matairi ya zamani, kisha shusha fremu juu yake. Ni salama kuliko watu wawili kuibeba na kuikwaruza. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, ndipo ukaze.

Hatua ya 5: swingi amu. Ile ya cheni hupitishwa bolti moja ndefu. Ya shafti, kwenye BMW na GS850G, hushikwa na pini fupi kila upande juu ya beringi za koni. Kaza pande zote sawasawa ili ikae katikati. Ipande na kushuka bila kukwama, wala isichezecheze. Kwenye BMW za zamani propela inafungwa kwa bolti nne chini ya buti ya mpira: weka bolti mpya kila mara.

Hatua ya 6: paka meno ya gurudumu grisi yenye molibdeni, weka oili ya gia namba 90 kwenye difu mpaka kwenye tundu la kipimo, pikipiki ikiwa imesimama wima.

MASWALI

Kondoa: Shikamoo fundi. Kwa nini nisichomelee masikio ya shafti (vishikio vya swingi amu yake) kwenye fremu yangu ya cheni?

Marahaba. Masikio hayo hubeba msukumo wote wa gurudumu. Moto wa kuchomelea unavuta bomba, na bila jigi (kifaa cha kuishika na kuipima fremu) huwezi kujua limevutika kiasi gani. Usifanye.

Chang'ombe: Kwenye cheni nilikuwa nabadilisha sproketi ili ipande milima. Kwenye shafti je?

Uwiano umo ndani ya difu, kaka. Unabadilika ukipata difu ya ndugu yake yenye uwiano mwingine, basi.

Nkuhungu: Natumia kadi ipi, ya injini au ya fremu?

Ya fremu. Namba ya injini ikibadilika, pikipiki ikakaguliwe na polisi, kisha TRA (mamlaka ya mapato) warekebishe kadi. Weka risiti ya injini.

Mpwapwa: Nimemaliza kazi, lakini nikifungua gesi kiti kinainuka nyuma. Nimekosea shokapu?

Hujakosea, dada. Gia ndogo ya difu hujaribu kupanda gia kubwa na kuisukuma swingi amu chini, ndiyo maana nyuma inainuka. BMW walipunguza tabia hiyo kwa Paralever (mkono wa ziada kwenye swingi amu) mwishoni mwa miaka ya 1980. Ya kwako haina. Ukifunga gesi inashuka, na ukiifunga ghafla katikati ya kona bomba la moshi linaweza kugusa lami. Punguza mwendo kabla ya kona, halafu ipite ukiwa umeshika gesi kidogo.