Kabla hujalipa boti ya faiba ya zamani, ingoje bamvua

Novemba mwaka jana kijana mmoja wa Shangani, Mtwara, alinipigia simu asubuhi mapema. "Shikamoo mjomba. Nimepata boti ya kurambazia, futi 26, mashine mbili, iko hapa Mikindani. Mwenyewe anataka nilipe leo, anasema kuna mtu wa Dar anaitaka." Nikamwitikia, nikamuuliza mwezi una siku ngapi. Akakaa kimya, akaenda kumuuliza mama yake, akarudi na jibu: siku ya kumi. Nikamwambia amwombe mwenye boti siku tano. Huyo mtu wa Dar, kama yupo, aichukue.

Siku tano ni kwa ajili ya bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Nimeendesha boti za wageni wa mishipi, wanaorambaza, yaani kuvua kwa kuburuta mishipi nyuma ya boti, miaka 18, kati ya Mikindani na mdomo wa Ruvuma, na kabla ya hapo nilikulia Mgao nikimshikia baba mbao, yeye akiwa fundi wa mashua. Siku hizi watu huniita niwakagulie boti za faiba kabla hawajatoa fedha. Wengi hunipeleka moja kwa moja kwenye mashine. Mimi naanzia nyuma, kwenye ukuta wa tezi unaobeba hizo mashine, na sababu yake naikumbuka vizuri.

Mwaka 2009 nilinunua boti yangu ya kwanza Dar, rangi nyeupe mpya, inang'aa. Mwezi wa tatu tangu niinunue, nikiwa nje ya Msimbati na wageni wawili, kusi limechachamaa, nikasikia mlio kama mbao inayopasuliwa. Nikageuka nikaona mashine ya kushoto imelala nyuma kwa pembe isiyo yake, na kila wimbi likipita maji yanaingia kwenye ufa wa upana wa vidole viwili. Baharia wangu alizifunga mashine zote mbili kwa amari ya nanga hadi kwenye vyuma vya ubavuni, tukarudi pole pole kwa mashine moja, wageni wakifua maji kwa ndoo. Tulipoufungua ule ukuta nchi kavu, plaiwudi iliyokuwa ndani ya faiba ilitoka kwa kijiko, nyeusi, imelowa kama machicha ya kahawa. Rangi mpya ilikuwa imefunika yote.

Boti nyingi za zamani zimejengwa hivyo: faiba nje, faiba ndani, katikati plaiwudi. Faiba yenyewe haiozi. Maji huingia kwenye matundu ya bolti na skurubu ambazo mtu alizikaza bila kuziba vizuri, yanaingia tone kwa tone miaka kumi, na mbao inaoza gizani huku nje pako laini. Kwa hiyo unachotafuta ni maji yaliyojificha.

Pwani yetu ya kusini tuna chelezo cha bure, mahali pa kuisimamisha boti nje ya maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa mida ya saa nne na saa tano asubuhi, na tofauti ya maji makavu na maji kujaa hupita mita tatu. Boti aliyoipata yule kijana tuliiingiza alfajiri maji yakiwa juu, tukaiweka penye mchanga safi usio na mawe, tukaiegemeza kwa magunia ya mchanga pande zote mbili. Kufikia saa tatu ilikuwa imesimama kavu kabisa, tumbo lote liko wazi, na tulikuwa na muda wa kutosha wa kufanya kazi. Kama mwenye boti anakataa isimamishwe hivyo, usibishane naye. Shika njia.

Kabla haijakaa chini, ingia ndani ufue ngama yote, yale maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, kisha upanguse kwa tambara mpaka pakauke. Utakuja kuelewa kwa nini maji yakirudi.

Sasa chukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi kubwa, ugonge. Anza juu ya ukuta wa tezi, shuka kidogo kidogo, kila upana wa kiganja mara moja, huku sikio liko karibu. Palipo pazima panakujibu "ko, ko", sauti kavu, fupi. Palipooza panasema "bu", kama unagonga papai lililoiva. Nilimpa kijana nyundo agonge mwenyewe, maana sikio halifundishwi kwa maneno. Kushoto kote alisikia ko. Kulia, chini ya bolti za mashine, mkono wake ukasimama. Akagonga tena. "Mjomba, hapa pamebadilika." Tukachora kwa chaki mpaka tukapata umbo zima, kubwa kama sinia la chakula.

Nikamwomba mwenye boti ruhusa ya kufungua skurubu moja iliyokuwa ndani ya ile chaki. Omba ruhusa, ni mali ya mtu. Ilitoka bila kushika, na nyuma yake kikatiririka kijito chembamba cha maji ya rangi ya chai ya rangi. Mwenyewe alibaki anayatazama. Alisema hakujua, nami nilimwamini, kwa sababu aliyemuuzia yeye hakuwahi kumruhusu agonge.

Ipo njia nyingine ya haraka kama huna nyundo. Inua mashine juu, mtu mmoja aning'inie kwenye mguu wake kwa uzito wote, wewe tazama pale ukuta unapokutana na mbavu za boti. Ukiona unacheza, au nyufa za rangi zinafunguka na kufumba, umepata jibu.

Baada ya tezi ni sakafu. Tembea peku, ukanyage kwa kisigino. Sakafu nzima haibonyei. Kwenye boti za mishipi kuna mahali watu hawapatazami kabisa: chini ya kile kiti kikubwa anachokalia mgeni akipigana na samaki. Kiti kinavutwa na sulisuli saa nzima, bolti zake zinalegea, maji yanapita. Kishike kwa mikono miwili ukitikise kwa nguvu. Vivyo hivyo vishikio vya fimbo kwenye kingo. Halafu fungua kila mfuniko wa sakafu, ingiza mkono na tochi, ugonge ile mihimili mirefu ya ndani inayotoka omo, yaani mbele, hadi tezi. Hiyo ndiyo mifupa. Mihimili ikiwa imeoza pamoja na tezi, mimi humshauri mtu aiache boti hata akipunguziwa nusu ya bei.

Tumbo nje linasomeka likiwa kavu. Malengelenge madogo madogo yasikutishe sana. Ni maji yamepenya ngozi ya nje ya faiba, ukilitoboa moja linatoa harufu chachu, na hayo hurekebishika. Nyufa zenye umbo la nyota maana yake boti iligongwa hapo. Muulize iligonga nini. Kama inatoka Kilwa au Mafia, muulize pia ililala wapi Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya. Nyufa ndefu zinazofuatana na mhimili wa ndani ni mbaya zaidi, kwa sababu zinasema tumbo linapinda kila wimbi. Simama hatua kumi nyuma, funga jicho moja, utazame mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya boti, kama unavyotazama ubao kama umenyooka. Pia angalia mstari wa zamani wa maji. Kama boti huelea chini ya mstari wake wa rangi wakati haina mzigo, kuna maji yamenyonywa na lile povu gumu la kuelea lililojazwa chini ya sakafu, na hayo hayatoki kwa pampu.

Baba alikuwa na kitu kimoja alichokifanya kwa kila mashua iliyo juu, nami nakifanya kwa faiba: mwaga ndoo tatu za maji ndani, upande wa banduru, pale ngama inapokusanyika, kisha kaa nje na tambara kavu. Maji yanayoweza kuingia baharini yataweza kutoka nchi kavu, na ufa wenyewe utakuonyesha ulipo. Ukimaliza, yafue yote, pakauke tena. Maji ya bahari yakirudi saa saba, saa nane, uwe ndani ya boti, umeketi, unatazama ngama inapoanzia. Tusiache hatua hii kwa uvivu. Ndiyo iliyonionyesha boti moja ya Lindi iliyokuwa nzuri kila mahali isipokuwa tundu la bomba la kutolea maji, lililozibwa kwa nta ya mshumaa na kupakwa rangi juu.

Mashine sasa. Ukifika, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja kwenye kichwa cha mashine. Iwe baridi. Mashine mbovu ikiisha pata moto huwaka vizuri tu, tabu yake ni asubuhi. Ukiikuta ya moto, subiri ipoe hata kama ni kwa muda wa saa mbili.

Fungua plagi zote upime kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Namba yenyewe inatofautiana kwa kila mashine; tafuta usawa. Silinda tatu zikisoma 110, 112 na 108, lala usingizi. Zikisoma 115, 112 na 80, hiyo silinda ya tatu inakwenda kukugharimu. Kisha legeza skurubu ya chini ya mguu wa mashine, utoe oili kidogo kwenye kidole. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye gia. Boti ya mishipi ina ugonjwa huu kuliko boti nyingine, kwa sababu nailoni iliyokatika hujisokota nyuma ya pangaboi na kukata sili. Vua pangaboi uangalie. Kwenye mashine ya kulia ya boti ile tulitoa nailoni iliyojaa kiganja, lakini oili ilikuwa bado safi, Mungu ni mwema.

Ikiwaka, mkojo wa maji, ule mchirizi wa maji yanayopoza mashine, utoke mara moja, wenye nguvu, usiokatika. Soma namba ya mashine kwenye bamba lake uiandike. Nasisitiza pia ununue mashine ambayo vipuri vyake unavipata Mtwara mjini siku hiyo hiyo. Ndiyo maana wavuvi wetu wengi wako na Yamaha. Mashine ya ajabu inayongoja impela kutoka nje ya nchi mwezi mzima itakulia msimu.

Majaribio ya baharini usiyafanyie ndani ya ghuba. Mikindani ndani ni kama bakuli la mchuzi, kila boti ni nzuri pale. Toka nje alasiri upepo ukiwa umeamka, nenda saa nzima. Fungua mafuta yote, utazame geji ya mizunguko: mashine nyingi za nje zinatakiwa zifike kati ya 5000 na 6000. Ikishindwa, ama boti ni nzito kwa maji yaliyojificha, ama pangaboi si lake, ama mashine imechoka. Kata kona kali pande zote mbili. Punguza hadi mwendo wa kurambaza na ukae hapo nusu saa, maana hapo ndipo boti ya mishipi inapoishi, na mashine za zamani nyingi hukohoa kwenye mwendo mdogo. Beba petroli yako uliyoipima kwenye dumu. Ukirudi pima iliyobaki. Fungua na sakafu, uone ngama.

Makaratasi hayana hadithi ndefu. Usajili wa TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, stakabadhi za ushuru kama boti ilitoka Kenya au nje kwingine, na namba ya mashine uliyoiandika ilingane na karatasi. Mashine za nje huibwa, kwa hiyo nenda pwani ya nyumbani kwa boti, uwaulize watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani hiyo, kama wanaijua. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, wa kwako na wa kwake. Leseni ya uvuvi ni jambo jingine, iko kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na ukitaka kupeleka wageni Msimbati ujue Ghuba ya Mnazi ni hifadhi ya bahari tangu 2000, kwa hiyo pita kwanza ofisini kwao.

Boti ya kijana hatukuiacha. Mihimili ilikuwa mizima, mkuku umenyooka, kompresheni sawa. Mwenyewe alitaka milioni 32. Tuliketi naye kwenye magunia yale ya mchanga, tukahesabu mbele yake plaiwudi ya majini, resini, matandiko ya faiba, fundi, na kushusha na kurudisha mashine. Kijana akamwambia, "Mzee wangu, nakuheshimu, lakini ukuta huu ni lazima nikate." Baada ya siku mbili alikubali milioni 24. Januari tulikata ule ukuta kwa ndani, tukakwangua mpaka mbao kavu, tukajenga upya, na kila tundu la bolti tukalitoboa kubwa, tukalijaza resini, ndipo tukatoboa tena katikati yake ili chuma kisiguse mbao.

Jumamosi iliyopita alitoka nayo nje ya Msanga Mkuu na wageni wake wa kwanza. Alirudi na nguru wawili na jodari mmoja, akainua mfuniko wa sakafu kabla hata hajafunga kamba, akanionyesha ngama: kikombe kimoja.