Jinsi ya kusafisha kaburi la matofali mabichi Misri bila kukata ukuta

Kuna mdogo wangu wa chuo anaenda Abydos msimu huu wa baridi kusaidia kuchimba makaburi ya wafalme wa mwanzo kabisa wa Misri, Nasaba ya Kwanza, miaka kama 5,000 iliyopita. Maswali yake yote yalikuwa dhahabu na maandishi. Nikamwambia utakachohangaika nacho ni tope, nikaona bora niandike na wengine wasome.

Hatua ya 1: Wahi. Kazi inaanza jua likichomoza, mkate na ful (maharage ya Kimisri) katikati ya asubuhi, mchana mnarudi kuosha vigae, yaani vipande vya vyungu.

Hatua ya 2: Mwamkie reis kwanza. Huyo ndo nyapara mkuu, na wachimbaji wazoefu wengi asili yao ni Quft, mji wa kusini mwa Misri, ambako Petrie, mwanaakiolojia Mwingereza, alianza kuchukua mafundi miaka ya 1890, ujuzi ukarithishwa baba kwa mtoto. Akisema simama, simama.

Hatua ya 3: Toa mchanga wa juu. Jembe na makapu ya mpira, basi.

Hatua ya 4: Tafuta ukuta. Hapa ndo watu wanaharibu. Ukuta ni matofali mabichi ya tope la Nile, na kifusi kilichojaa ndani ni matofali yaleyale yaliyoanguka yakasagika, rangi moja, ugumu karibu mmoja, kwahiyo ukichimba kwa pupa unakata ukuta ukidhani unatoa kifusi na ukishaukata haurudi tena. Kwangua kwa ulalo, usishuke chini. Tumia mwiko mdogo wa mwashi ulionolewa, brashi weka pembeni kabisa, inatimua vumbi linalofunika mistari unayoitafuta, kazi yake ni kumalizia kabla ya picha. Angalia asubuhi jua likiwa bado chini, maana mchana mwanga unakuwa mkali huoni kitu. Bado huoni? Nyunyizia maji, ukungu tu, alafu subiri: tofali na udongo wa kuunganishia havikauki pamoja, mistari inajitokeza kwa muda mfupi, ichore hapohapo kwa ncha ya mwiko. Ila maji yasifike kwenye mbao, kitambaa wala plasta, na usirudierudie, chumvi inapanda juu inakula tofali. Pia tazama lilivyolala, tofali la ukuta liko sawa mstari juu ya mstari, lililoanguka limeinama huku na kule. Baadhi ya makaburi haya yaliungua zamani na matofali yakawa mekundu, hiyo inasaidia sana, lakini kilichoanguka baada ya moto nacho ni chekundu, usidanganyike. Acha kama sentimita tano za kifusi zishikane na ukuta mpaka uone uso wa plasta, ndo uzitoe polepole kutoka juu.

Hatua ya 5: Chekecha kila kitu, hata kifusi cha waliokutangulia. Mfaransa Amélineau alichimba Abydos miaka ya 1890, Petrie akarudia 1899 hadi 1901, na bado Wajerumani wakiongozwa na Dreyer wakafungua kaburi U-j mwaka 1988 wakakuta vibao vya mfupa na pembe za ndovu vyenye alama za maandishi, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vina tobo la kamba. Kwa chekeche la matundu makubwa vingepita vyote. Na tafadhali kitambaa usikidharau! Mwaka 1901 vijana wa Petrie walikuta kwenye kaburi la mfalme Djer mkono uliofungwa kitani ukiwa na bangili nne, ulipofika makumbusho ya Cairo bangili zikatunzwa, mkono ukatupwa. Inaniuma mpaka leo.

Hatua ya 6: Picha, mchoro, lebo mbili kwa kila mfuko, moja ndani moja nje, kwa penseli maana wino unafifia juani. Msimu ukiisha zifukie kuta kwa mchanga safi, usirudishie kifusi chenye mawe, yanakwangua plasta.