Kuondoa mng'ao kwenye kilengeo cha mbele cha bastola ya shabaha

Ukipiga shabaha ya mita 25 jua likiwa ubavuni, upande mmoja wa kilengeo cha mbele, kile kijipande kilichosimama juu ya mdomo wa mtutu, hung'aa na kumezwa na weupe wa karatasi. Jicho hubaki na sehemu nyeusi tu, huiweka katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, na risasi huhamia upande wa jua. Ikimezwa ncha ya juu, kilengeo huonekana kifupi, unakiinua bila kujua, risasi zinapanda. Vilengeo vikiachana milimita 200, kosa la milimita 0.2 hapo mbele huwa milimita 25 kwenye karatasi. Duara la kumi (la alama ya juu) la shabaha ya mita 25 ya kupiga kwa usahihi, ya ISSF, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, lina kipenyo cha milimita 50, kwa hiyo kosa hilo dogo tu limekutoa katikati hadi ukingoni.

Usikimbilie skrubu za kilengeo cha nyuma. Jua litahama, na marekebisho yako yatakugeuka. Kinachotakiwa ni weusi usiorudisha mwanga. Chuma kilichobluiwa, yaani kilichotiwa weusi kwa dawa, ni cheusi, lakini bado humeremeta. Kwa hiyo tutakifunika kilengeo kwa masizi ya moshi.

1. Hakikisha silaha ni tupu. Toa magazini, vuta nyuma slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, tazama chemba, yaani tundu inamokaa risasi, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine. Kama bastola inafunguka, tenga slaidi na ufanye kazi nayo peke yake. Uwanjani, shika silaha pale tu msimamizi anaporuhusu.

2. Ondoa mafuta. Kijiti cha pamba na spiriti, rudia mpaka pamba itoke safi, kisha acha ikauke kabisa. Wengi huharibu kazi hapa: mafuta ya kusafishia hujificha kwenye shina la kilengeo na kupanda polepole. Masizi yakikutana nayo huwa tope linalong'aa kuliko chuma chenyewe.

3. Fukiza. Weka kipande cha kafuri cha ukubwa wa harage kwenye kifuniko cha bati, nje, pasipo upepo, mbali na spiriti na mafuta. Soma pakiti kwanza, maana vidonge vingine vinavyouzwa kwa jina la kafuri ni naftalini. Kiwashe, upitishe kilengeo kwenye moshi juu ya ncha ya mwali, si ndani ya mwali, sekunde mbili tatu, pumzika, rudia. Anza na uso unaokutazama, kisha pande mbili, mwisho juu. Chuma kisipate moto wa kushindwa kushikika. Unatafuta tabaka jembamba kama mahameli. Likiwa nene hubanduka kwa mshtuko wa risasi ya kwanza. Zima kwa kufunika, usipulize, na usivute moshi huo.

Wapiga shabaha wa Marekani, wale wanaokutana Camp Perry, Ohio, wamezoea taa ndogo ya kabaidi: maji yakigusa kabaidi hutoka asetilini, gesi inayowaka, na masizi yake ni makavu sana. Dawa nyeusi ya kupuliza ya kopo nayo inafaa, ila ziba slaidi kwa utepe kwanza.

4. Kagua, na usiguse kwa kidole. Bandika karatasi nyeupe ukutani, lenga kwa silaha tupu jua likiwa kulia, kushoto, kisha nyuma yako. Kona zote ziwe kali. Ukiona mstari wa kijivu juu, tabaka limepungua hapo.

Kwa tiba ya kudumu, fundi bunduki mwenye leseni huchonga mistari ya kulala kwenye uso unaotazama jicho, kama 16 kwa sentimita, kila mfereji ukitupiwa kivuli na ukingo wa juu yake. Pande na juu haziguswi, maana kingo zitachakaa. Wala kilengeo kisifupishwe: kikipungua urefu, risasi zinapanda.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kafuri sina, koroboi je?*
Marahaba. Itakutoa kwa leo. Masizi ya mafuta ya taa yana unyevu wa mafuta, kwa hiyo pandisha utambi, fukiza kidogo, na usitegemee yadumu. Mshumaa uache, huacha nta.

*Dawa ya kublui baridi haishiki kwenye kilengeo changu.*
Bila shaka ni chuma kisichoshika kutu, au alumini. Dawa ya kawaida haishiki huko. Tumia masizi, au rangi nyeusi isiyong'aa, tabaka moja jembamba. Rangi nene huviringa kona.

*Makapeni?*
Kwa dharura tu. Wino ukikauka juani huanza kumeremeta kizambarau. Penseli usijaribu, grafiti yake inang'aa.

*Changu kina nukta inayowaka gizani.*
Huenda hiyo ni tritiamu, gesi ndani ya kimrija cha kioo. Hakuna moto, tupa wala kiyeyushi hapo. Funika nukta kwa kipande cha utepe mweusi usiong'aa.

*Ndugu mwalimu, mimi napiga bastola ya hewa mita 10, ndani, jua hakuna, lakini risasi zinapanda.*
Tazama taa. Ikiwa juu ya kichwa chako hupiga ncha ya kilengeo. Fukiza sehemu ya juu kwa uangalifu zaidi, na uangalie pia uso wa kilengeo cha nyuma. Nao ukimeremeta, pengo hupoteza kingo zake.

*Nimefukiza kama ulivyoelekeza, sasa kundi lote limehamia kushoto!*
Ulikuwa umerekebisha vilengeo huku upande wa kulia ukimezwa na mwanga. Sasa unakiona kizima. Piga kumi kwenye mwanga wa mawingu au chini ya paa, tafuta kitovu cha kundi, kisha sogeza kilengeo cha nyuma kulia, kule unakotaka risasi ziende. Kwa vilengeo vilivyoachana milimita 200 na shabaha ya mita 25, kila milimita 0.1 inahamisha kundi milimita 12.5.