Shabaha mpya ya dawa ya kuvu: anzia kwenye hamira

Mama amekuwa akikanda mahamri hapa Langoni, kisiwani Lamu, tangu sijazaliwa. Unga ukiumuka alfajiri, aliyefanya kazi hiyo usiku kucha ni kuvu: hamira. Naanza na bakuli hilo kwa sababu vijana wanaokuja barazani kwetu wakati wa likizo, wakitaka kujua dawa mpya hutafutwaje, hudhani lazima wamkabili kuvu wa hatari siku ya kwanza. La. Anza na hamira. Jenomu yake yote, yaani maagizo yake yote ya urithi, ilisomwa mwaka 1996. Ina jeni kama 6,000, na yapata 1,000 kati ya hizo, ukiiondoa hata moja, hamira hufa. Hiyo elfu moja ndiyo orodha yako ya kwanza ya shabaha, yaani mahali ambapo dawa inaweza kumpiga kuvu.

Lakini kuua kuvu si kazi. Hata maji ya moto huua kuvu. Kazi ni kumwacha mgonjwa mzima. Kuvu ni jamaa yetu wa karibu kuliko bakteria, na mitambo mingi ya ndani ya seli zake inafanana na yetu. Hilo nimeliona kwa macho. Ami yangu alipopata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aitwaye Cryptococcus, alitundikiwa amfoterisini B, dawa ya miaka ya 1950. Nilimshika miguu akitetemeka kitanda kizima, na damu ikawa inapimwa kila mara kuangalia figo. Dawa ile hushika ergosteroli, mafuta yaliyo katika utando wa kuvu mahali ambapo sisi tuna kolesteroli, na mafuta hayo mawili ni kama ndugu. Ami alipona. Figo zake hazikurudi kama zamani. Tangu hapo kila jeni naliuliza swali moja: je, ami analo?

Basi chukua orodha yako, linganisha protini inayotengenezwa na kila jeni na za binadamu kwa programu ya BLAST, ambayo ni bure na hufanya kazi hata kwa intaneti yetu ya kisiwani. Kisha tazama kama jeni hilo lipo pia kwa kuvu wanaoua watu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitaja kuvu 19 wa kupewa kipaumbele, wanne wakiwa kundi la juu kabisa: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Shabaha iliyopo kwa wote wanne ni mali.

Mfano mzuri ni ukuta wa seli: sisi hatuna, na kaspofungini, dawa ya kuvu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huuvuruga. Mwingine ni trehalosi, sukari ambayo mwili wetu hauitengenezi. Mnyime Cryptococcus TPS1, jeni la kutengenezea sukari hiyo, naye hushindwa kukua kwenye nyuzi 37, joto la mwili wetu. Mimi shabaha hiyo naipenda sana.

Hata hivyo, usitupe jeni kwa kuwa tu binadamu analo. Olorofimu, dawa nyingine ya kuvu, hulenga kimeng'enya ambacho nasi tunacho, ila chetu kina umbo tofauti kiasi kwamba dawa haikishiki vizuri. Tazama maumbo ya protini zote mbili kabla ya kukata shauri.

Sasa ingia maabara, na hapa ndipo watu hupotea. Candida albicans ana nakala mbili za kila jeni. Ondoa moja, na ile ya pili itie swichi inayozimwa kwa doksisaiklini, dawa ya bakteria; ukiizima, kuvu akifa, una shabaha. Fanya jaribio kwenye nyuzi 37 na utie seramu ya damu, maana damu ina vyakula ambavyo sahani ya maabara haina, na kuvu anaweza kujiokoa navyo.

Jambo lililonila miezi minane: Candida albicans husoma CTG, herufi tatu za DNA, kama serini, moja ya vijenzi vya protini, wakati viumbe wengi, pamoja na bakteria tunaowatumia kutengenezea protini, huisoma kama lusini, kijenzi kingine. Nilihamisha jeni la Candida kwa bakteria kama lilivyo, protini ikatoka kwa wingi, haikufanya kazi hata kidogo, nami nikailaumu bafa, mmumunyo wa kuwekea protini. Badilisha kila CTG iwe herufi ambazo bakteria nao husoma kama serini, kabla hujaagiza jeni litengenezwe. Tafadhali.

Ukipata kemikali inayoua kuvu, hakikisha inapiga pale ulipokusudia. Kuvu mwenye nakala moja tu ya jeni lengwa anapaswa kudhoofika kwa dozi ndogo kuliko wenzake. Kisha lea kuvu wengi ndani ya dawa, chukua wachache waliobaki hai, soma jenomu zao. Mabadiliko yakijirudia katika jeni lilelile, umelipata.

Mwisho, nenda Mpeketoni, kwenye mashamba ya bara, uingie duka la dawa za kupulizia mazao, usome vibandiko. Olorofimu na ipflufenokwini, dawa ya ukungu wa mazao, hulenga kimeng'enya kimoja, na maabara zimeonyesha kuwa Aspergillus aliyezoea ile ya shambani huweza kuishinda na ya hospitali. Kama shabaha yako tayari inapuliziwa mashambani, rudi kwenye orodha uchague nyingine.