Mbwa wa makao, Mombasa hadi Nairobi: jinsi ya kumfikisha bila kumpoteza njiani

Mbwa anayehamishwa kutoka makao ya wanyama Mombasa kwenda kwa mlezi mpya Nairobi ana kilomita 480 hivi mbele yake, na balaa nyingi za safari hii hutokea gari likiwa limesimama. Mtu amefungua kreti, yaani kizimba cha kusafirishia mnyama, kabla ya kushika kamba, lori likapiga honi, mbwa akaingia vichakani. Ukijitolea kuendesha, jifunze kwanza kufungua mlango.

Anza na makaratasi, kwa sababu hayaharakishwi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akitimiza miezi mitatu, na dozi ya kwanza huhitaji wiki tatu hadi nne kabla ya kuhesabika kuwa kinga. Mbwa aliyechanjwa jana ana cheti tu, kinga bado. Siku mbili tatu kabla ya safari, makao yapite ofisi ya mifugo ya kaunti kuulizia kibali cha kuhamisha mnyama, na daktari ampime mbwa na kuandika kwamba anaweza kusafiri. Vyote viwe kwenye bahasha ya plastiki, pamoja na picha ya kila mnyama iliyopigwa wiki hiyo. Picha ya zamani haisaidii kumtafuta mbwa aliyekonda au kunyolewa.

Uliza pia amekaa makaoni siku ngapi. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, hujificha siku tatu hadi saba, wakati mwingine hata wiki mbili. Mbwa koko aliyeokotwa Jumatatu na kupakiwa Jumatano anaweza kuonekana mzima kabisa, akaanza kutapika na kuhara damu akiwa sebuleni kwa watu, na virusi ameviacha kwenye gari lako. Siku 14 za kutengwa ndizo kipimo. Makao yakikubembeleza uzipunguze kwa sababu nafasi imejaa, kataa. Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa unaoweza kuambukiza wanyamapori, nayo si ya kuchezea kwenye njia hii inayopita kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani.

Wewe dereva nawe uchanjwe. Anayeshika mbwa mara kwa mara hupata chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa kwa dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Ukiumwa, hata kama ulichanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe dozi za nyongeza.

Mbwa wa kienyeji wa kilo 20 anahitaji kreti ya urefu wa sentimita 90 hivi, upana 60 na kimo 65: asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, ajilaze. Kubwa kupita hapo ni hasara, maana gari likifunga breki anarushwa huku na huku. Pima buti mapema, ukihesabu na yale mabonge ya magurudumu pembeni. Kreti nyingi hukwama hapo hapo, saa kumi alfajiri, watu wote wakitazamana. Ifunge kwa mikanda isisogee, acha nafasi ya kiganja kila upande hewa ipite, na kwenye mlango ongeza kamba mbili za plastiki za kufungia nyaya, kwa sababu komeo la kreti hulegea kwa mtikisiko. Kisu kidogo cha kuzikatia kikae mfukoni mwako, kisizikwe chini ya mizigo. Ndani tandika magazeti, juu yake kanga kuukuu. Bakuli la maji ligandishe kwenye friza usiku kucha: barafu huyeyuka polepole, mbwa anailamba, na kreti haigeuki dimbwi.

Chakula cha mwisho, nusu ya kawaida, apewe saa nne usiku kwa safari ya saa kumi alfajiri. Watoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu wasishindishwe njaa hivyo, sukari yao hushuka haraka. Wape vijiko viwili vitatu kila mnaposimama. Wa chini ya wiki nane wasisafiri bila mama yao. Usimpe mnyama dawa ya usingizi uliyopewa na jamaa: baadhi hushusha shinikizo la damu na kuuvuruga mwili usiweze kujipoza. Na paka asipewe panadol hata kipande, inaua.

Safari ikigawanywa kati ya madereva wawili, Mtito Andei ndipo pa kukutania, karibu katikati ya njia. Kutoka Mombasa hesabu saa nne hadi tano kwa sababu ya malori. Makabidhiano bora ni yale ambayo mbwa hatoki kabisa: kreti inahama na mbwa wake ndani, na dereva wa Nairobi anakuja na kreti tupu ya kubadilishana. Kwa mbwa mzima, saa tano au sita bila kukojoa si mateso. Huruma ya "masikini, tumtoe anyooshe miguu" ndiyo inayopoteza mbwa.

Ikibidi atoke, magari yaegeshwe ubavu kwa ubavu mbali na lami, injini zimezimwa. Mtu mmoja anaingia nyuma na kreti na kujifungia humo. Anakata zile kamba, anafungua mlango upana wa mkono tu huku goti likiuzuia, anapitisha kitanzi shingoni na kukivuta kikaze nyuma ya masikio. Ndipo anafunga kamba ya pili kwenye ukosi. Kamba mbili, mikono miwili, kila kamba imezungushwa kiganjani. Ukosi peke yake hautoshi: mbwa mwenye hofu hurudi kinyumenyume, kichwa kinachomoka, na mkononi unabaki na ukosi wenye namba ya simu. Mlango wa gari unafunguliwa mwisho kabisa.

Akitoroka, usimkimbize wala usimwite kwa kelele. Atakimbia mpaka apotelee mbali. Acha kreti yake wazi pale pale na ile kanga aliyolalia, weka chakula chenye harufu kali kama omena au maini, kisha mtu mmoja abaki ameketi kando, ametazama pembeni. Wengi hurudi giza likiingia.

Joto ndilo adui wa pili. Nje pakiwa nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa hufika 34 kwa dakika 10 na 43 kwa nusu saa, na Voi au Kibwezi huanza na zaidi ya hizo. Kwa hiyo kila kituo, mtu mmoja hubaki na gari huku kiyoyozi kikifanya kazi. Ukiona mbwa anahema kwa nguvu, mate yanavutika kama gundi, ufizi umeiva wekundu na miguu inayumba, simama. Mmwagie maji ya kawaida tumboni, mapajani na kichwani, mpepee bila kukoma, umpime kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Mpoze kwanza, daktari baadaye, na joto lake likishuka hadi nyuzi 39.5 acha kumwaga maji, asije akapoa kupita kiasi.

Paka ni rahisi zaidi, mradi hufungui. Funika kasha lake kwa kitambaa chepesi na usimpange chini ya kreti ya mbwa. Poda ya kupe ya mbwa yenye pamethrini, dawa ya wadudu iliyo sumu kwa paka, isimguse hata kwa kuchangia tandiko.

Bei ya mafuta ipatanwe kabla, na itumwe kabla. Gari dogo la injini ya lita 1.5 hula lita 35 hadi 40 kwa njia nzima. Ukifika, mkabidhi mnyama mtu aliyeandikwa kwenye fomu tu, hata shemeji yake akiwa amesimama getini anatabasamu, na kreti ifunguliwe ndani ya chumba kilichofungwa. Siku hiyo hiyo osha kreti na buti kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kwa sababu dawa ya madoa (ile ya klorini ya kung'arishia nguo) haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kisha pakaza dawa hiyo, sehemu moja kwa maji sehemu 20, iache dakika 10 ikiwa bado mbichi, suuza, anika juani.